Maelezo Aliyoyafuta Wangeci

Siku ya soko Bomet haina adabu, na mvua ikinyesha ndiyo mbaya kabisa. Wangeci, binti wa mama muuza vitenge, alikuwa anaruka matope kwa raba nyeupe alipogongana na kijana mrefu aliyekumbatia kompyuta ndani ya koti.

"Pole madam! Ilikuwa niokoe kompyuta ama viatu vyako."

"Na adabu uliiacha wapi?"

"Iko kwetu Siongiroi. Twende nikuonyeshe."

Wangeci akacheka, na kwisha habari yake.

Kijana aliitwa Kipngeno. Kumbe wote walikuwa wanajifunza kuandika programu! Wakaanza kuandika moja pamoja, ya chama cha maziwa: mkulima apeleke maziwa, apate lita zake kwa simu. Kipngeno alikuwa mwepesi lakini ovyo. Kila kitu alikiita x, y, z.

"Babe, andikia watu, si mashine," Wangeci alimtania. "Kando ya kila hatua eleza inafanya nini."

Akaeleza. Akaeleza kwa Kipsigis, maana ndiyo lugha anayowazia.

Wangeci aliyaona maelezo hayo siku ya kwenda kuonyesha programu mbele ya kamati ya chama. Akahofia wataonekana washamba. Akafuta yote, roho safi kabisa, jamani, akidhani anafagia.

"Umefuta lugha ya mama yangu," Kipngeno alisema. "Kumbe unanionea aibu?"

"Ni maelezo tu, mpenzi! Mashine hata haiyasomi."

"Si ulisema tunaandikia watu?"

Kamati iliipenda programu. Kipngeno akaenda kazi Eldoret bila kuaga.

Basi Wangeci akajua kungoja ni nini. Alilala na simu mkononi. Vijana warefu wenye makoti walijaa Bomet yote, na hakuna aliyekuwa yeye. Chai ya mama yake ilipoa mbele yake, na mama, ambaye zamani alikuwa akiuliza kama vijana wa kabila lao wameisha, sasa aliipasha moto tena kwa huruma.

Masika yakaja, maziwa yakaongezeka, programu ikakwama. Wangeci akaifungua akakuta x, y, z tupu, bila neno moja la kumshika mkono. Akalia. Halafu akapiga simu.

"Kipngeno, hapa pa maziwa ya jioni uliandika nini?"

"Hata mimi sikumbuki. Nilikuwa nimeeleza."

"Najua. Nilifuta. Nisamehe. Na si maziwa yaliyonifanya nipige, mpenzi. Nimekumiss hadi naumwa."

"Mbona hukupiga?"

"Aibu. Na wewe?"

"Mimi ni kiburi tu. Kila jioni natafuta namba yako, halafu naweka simu chini." Akapumua. "Tuandike upya. Safari hii nitaeleza kwa Kiswahili."

"Hapana. Eleza kwa Kipsigis, na mimi nifundishe nisome."

"Ya nini ujisumbue hivyo?"

"Sasa nikiolewa kwenu nitakuwa naongea na mama yako kwa ishara?"

Huko Eldoret kitu kilianguka sakafuni, kikombe labda.

"Wangeci, umesema nini?"

"Umesikia."

"Rudia."

"Sirudii. Kuja uulize mama yangu."

"Jumamosi," alisema Kipngeno. "Nitakuja na wazee."