Mtindi wa Nazi wa Sidi

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mvua ilinyesha alfajiri, na sasa jua lilikuwa kali juu ya Magarini. Kahaso alifungua chupa yake ya tatu ya mtindi wa nazi, akaiinamisha. Maji ya kijivu yalitangulia kutoka. Chini palibaki tabaka jeupe, gumu.

"Hili tupake ukutani," alisema mama mkwe wake, Bi Kahonzi. "Nyumba itang'ara. Lakini nazi zangu sita zimekwisha, mwanangu."

Kahaso alimtazama binti yake Sidi, mwenye umri wa miaka minane. Uvimbe wa midomo ulikuwa umepungua. Maziwa ya ng'ombe yalimdhuru Sidi tangu utotoni, na daktari aliyakataza kabisa. Hata hivyo, Jumatano alikula mtindi kwa rafiki yake Easter. Uso ulivimba, pumzi ikambana, akakimbizwa hospitalini kwa pikipiki.

"Kwa nini ulikula?" Kahaso alimwuliza siku ile.

"Wote walikuwa wanakula, mama. Mimi peke yangu nilishika kijiko kitupu."

Kahaso alijua kwamba onyo pekee halingetosha. Mtoto alihitaji mtindi wake mwenyewe.

"Hodi!" Alikuwa Ndinda, jirani yao kutoka Machakos. Ndinda alifundisha upishi katika chuo cha ufundi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Sidi.

"Marahaba. Mnapika nini leo?"

"Mama ametengeneza chokaa."

Ndinda alicheka. Alisugua lile tabaka kati ya vidole. Lilikwaruza.

"Mama Sidi, huu ni wanga?"

"Wanga wa muhogo. Nilikuna muhogo, nikaukamua ndani ya maji, nikaanika ule weupe uliotuama."

"Vyema. Kisha uliupika?"

"Niliukoroga ndani ya tui la kwanza, likiwa vuguvugu."

"Hukulichemsha?"

"Tui zito nilichemshe? Likatike, mafuta na maji yaachane?"

Bi Kahonzi alidakia. "Mwalimu, huko kwenu minazi haioti. Hapa mke anayekatisha tui hurudishwa kwao!"

"Nimesikia, mama. Lakini wanga mbichi haushiki maji. Huzama tu. Ni lazima uchemke ndipo uvimbe na kuwa mzito. Je, uji usiochemka ni uji?"

Kahaso alifikiri. Wanga ulitaka moto. Tui la kwanza liliogopa moto. Kisha akaikumbuka sufuria yake ya kila siku.

"Mama," alimwuliza Bi Kahonzi, "muhogo tunauchemsha kwa tui gani?"

"La pili, lile jepesi. La kwanza hutiwa mwisho."

"Basi na wanga tuupike kwa la pili!"

"Umemaliza somo langu," alisema Ndinda.

Bi Kahonzi aliguna, akaleta nazi mbili za mwisho. "Zikiharibika hizi, kesho mtakula wali mkavu."

Kahaso alikoroga vijiko viwili vikubwa vya wanga ndani ya vikombe viwili vya tui la pili, likiwa bado baridi, ili wanga usifanye madonge. Aliuweka motoni, akakoroga bila kuacha mpaka ukachemka na kuwa mzito kama uji. Alipunguza moto, akatia vikombe viwili vya tui la kwanza. Liliposhika moto, aliipua kabla halijatokota. Akangoja. Hatimaye alidondosha tone kwenye kifundo cha mkono, akaliona vuguvugu.

"Sasa tia chachu," alisema Ndinda. "Ukiitia kwenye moto, bakteria wema watakufa." Alimpa kidonge cha bakteria hao kutoka duka la dawa, unga ndani ya ganda laini. "Soma boksi kwanza. Vingine vina maziwa."

Kahaso alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Maziwa hayakuwamo. Alifungua kidonge, akamimina unga wake na kukoroga. Alijaza chupa aliyoichemsha, akaifunga kwa blanketi muda wa saa kumi. Kisha chupa ikalala katika friji ya Ndinda.

Jumapili asubuhi Kahaso aliinamisha chupa. Hapakutoka maji. Mtindi ulisogea taratibu, mzito na laini. Sidi alionja.

"Unakwaruza?" aliuliza Bi Kahonzi.

"Haukwaruzi, Hawe," Sidi alimjibu bibi yake. "Ni mchachu kama ule wa kina Easter!"

Bi Kahonzi naye alionja, akaonja tena.

Ndinda alikwenda kanisani. Bi Kahonzi alimwita mkwezi aangue nazi nne. Kahaso aliandika hatua zote kwenye karatasi, akaibandika jikoni. Sidi alitoa vikombe viwili na vijiko viwili, akaenda kumwita Easter.