Modemu Iliyoitika

Mdogo wangu Kaviha aliponzwa na kidude cheusi kisichotimia ukubwa wa kiatu, na mpaka leo nikikumbuka nakereka. Alikuwa karani wa kompyuta katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Changamwe. Kidude chenyewe, modemu, kiliunganisha laini ya simu na kompyuta zao zote, ili fundi wao, Tinga, azitengeneze kwa kupiga simu tu kutoka kwake Mtongwe, bila kupanda feri.

Tinga akafa, tukamzika. Lakini mafaili ya mizigo yakawa yanabadilika yenyewe.

“Kuna mtu anaingilia laini ya simu,” mwenye ofisi, Bwana Najib, akamwambia Kaviha. “Ifunge. Ikitokea tena, tafuta kazi kwengine.”

Kaviha akabadilisha nywila. Wapi! Akaipanga modemu upya: ikipigiwa, ikate, kisha yenyewe ipige nambari iliyosajiliwa, ili mwingine yeyote asiweze kuingia. Mashine haikukubali kubaki bila nambari, naye akaacha ile ya zamani, ya nyumbani kwa Tinga. Nyumba ina kufuli, akajiambia, nani atapokea?

Nilimfokea. “We Kaviha, akili umeziacha wapi? Si tumelelewa tukiambiwa, ukiitwa na usiyemwona usiitike? Wewe umeweka mashine iitike, tena imwite maiti!”

“Dada, hiyo ni mitambo, si mizimu.”

Haya. Kesho yake, mchana kweupe, modemu ikapiga nambari ile. Ikapokewa.

Kaviha akachomoa waya wa simu ukutani. Modemu ikaendelea kulia. Akachomoa umeme. Taa haikuzima. Kisha kimya.

“Kaviha,” ikanong’ona. Ilikuwa sauti ya Tinga, na kikohozi chake kile kile.

Hasira zilikuwa zimemfika kooni, maskini. Akasahau yote tuliyofunzwa.

“Abee!” akafoka. “Wataka nini?”

“Wewe ndiwe uliyenipigia.”

Lile “wataka nini” ndilo neno la mwisho alilotamka mdogo wangu. Mengine aliniandikia. Daktari alimchungulia koo, akasema ni zima. Kazi ikaenda, karani asiyeweza kupokea simu wa nini? Alirudi nyumbani na ile modemu mkobani, na hataki mtu aitupe. Iko kabatini, chini ya leso zake, haina waya hata mmoja.

Leo asubuhi alikuwa ameketi mbele yangu, anakunywa chai. Nikasahau, nikamwita nilivyozoea: “Kaviha!”

Akaniangalia tu. Midomo haikutikisika.

“Abee, dada,” ikaitika sauti yake, kutoka kabatini.