Tupumzike, Mama

Jua lilikuwa linazama yule mpiga gitaa alipobisha mlangoni, na Mama Solda alikuwa ameshashika ufunguo mkononi.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa solda ya kuungia nyaya isiyomtoka mkononi, ingawa mtoto hakuwa naye. Alitengeneza redio, amplifaya na magitaa kwenye chumba cha mbele. Chumba cha nyuma, nyuma ya pazia la maua, alilala mama yake mzazi, mwaka wa tatu sasa hanyanyuki kitandani. Viungo vilimwishia mama huyo, lakini sauti ilimbaki, na aliitumia. "Mwanangu!" Anataka maji. "Mwanangu!" Mto umeteleza. "Mwanangu!" Hataki chochote, anataka tu kujua kama mwanawe yupo. Kila mara Mama Solda aliweka chini bisibisi, akaitika "Abee, mama," akaenda. Majirani walimwambia avumilie, mzazi ni mzazi. Wao walikuwa wanalala usiku. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Kaka, njoo kesho," alimwambia mgeni. "Leo nimechoka."

Yule mwanamume akazifunika nyuzi za gitaa lake kwa kiganja, upesi, kama mtu anayemziba mtoto masikio asisikie tusi.

"Naomba, dada fundi," alinong'ona. "Nibadilishie pikapu tu. Mpya hizi hapa."

Ukisikia pikapu usifikirie gari la kubebea mbao. Kwenye gitaa la umeme, pikapu ni vile vijisanduku vinavyokaa chini ya nyuzi, ndani yake mna sumaku na waya mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Uzi ukitikisika, pikapu inasikia, inapeleka habari kwenye amplifaya. Mama Solda aliziita masikio.

"Hizi za zamani zina nini? Zinakoroma?"

"Hapana. Zinasikia."

"Si ndiyo kazi yake, kaka?"

Hakucheka. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, shati limefungwa vifungo kombo. "Ukizitoa, zifunge kwenye kitambaa. Usizijaribu, dada yangu. Nakuomba sana. Nitapita keshokutwa jioni."

Akaondoka kinyumenyume hadi kizingitini, hakuligeuzia gitaa mgongo.

Mama Solda angeweza kufunga, akalala. Lakini mama alikuwa amenyamaza tangu alasiri, na wenye watoto husema kazi hufanywa mtoto akilala. Akawasha taa ya mezani. Akalegeza nyuzi, akafungua skrubu moja moja, akaliinua bamba la mbele. Akazichomoa pikapu mbili za zamani kwa pasi ya solda, akaweka pikapu mpya, akaunganisha. Moshi mwembamba ukapanda puani.

Chini ya harufu ya solda palikuwa na harufu nyingine.

Maziwa. Maziwa yaliyochacha.

Alinusa kikombe chake cha chai. Kilikuwa cha chai ya rangi. Akainua mabega, akaendelea.

Kazi ilipokwisha, zile pikapu kuukuu zilibaki mezani, na kitambaa kilikuwa pale pale. Lakini fundi aweke kando kitu bila kukijaribu? Mazoea yana taabu. Mita ilionyesha ni nzima, zote mbili. Sasa mtu anabadilisha kitu kizima kwa nini? Na sikio la kufa halisikii dawa. Akazibana kwa vibanio kwenye waya wa amplifaya, ile iliyokaa sakafuni kando ya pazia, akawasha.

Pikapu kuukuu, nta yake ya ndani ikishakauka, huanza kudaka hata sauti ya mtu. Kuna njia moja ya kujua. Unaizungumzia.

Akaisogeza mdomoni.

"Moja," alisema. Amplifaya ikasema moja.

"Mbili."

"Tatu," ikaja sauti ya mama yake.

Mama Solda akashtuka, kisha akacheka. Ndivyo mama alivyomfundisha kuhesabu, huyu moja, huyu mbili, huyu tatu. Miaka mingapi imepita bila utani ndani ya nyumba hii?

"Kumbe hujalala, mama," alisema kuelekea pazia.

Amplifaya ilivuma kidogo... kama mtu anayevuta pumzi.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Umechoka?"

Mikono yake ikasimama. Mwaka wa tatu, na swali hilo hajaulizwa na mtu. Si na daktari, si na ndugu zake wanaotuma salamu kwa simu, si na mama mwenyewe. Alitaka kusema hapana, kama kawaida yake, lakini uongo nao unataka nguvu.

"Nimechoka, mama," alisema, na machozi yakamtoka. "Nimechoka sana."

"Pole, mwanangu. Basi tupumzike?"

Sauti ilikuwa laini, ya zamani, ya mama aliyekuwa anatembea. Mama Solda alifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Tupumzike, mama."

Sauti ile ikaanza kuimba bila maneno, polepole, kama anayebembeleza mtoto. Mama Solda alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akainama, akazima amplifaya aende akamfunike mama.

Wimbo ukakatika.

Akabaki ameinama, kidole kwenye swichi.

Akawasha. Wimbo ukaendelea.

Akazima.

Kimya.

Alilifungua pazia kwa nguvu, pete mbili zikachomoka. Mama yake alikuwa macho. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, mishipa ya shingo imemsimama, mdomo wazi, ulimi unacheza. Alikuwa anamwita. Alikuwa anaita kwa nguvu zake zote, na hakuna hata chembe ya sauti iliyotoka.

Daktari alikuja asubuhi. Alimulika koo, akagusa shingo, akasema uzee una mambo yake, sauti huweza kuondoka. Mama Solda alimwambia kuhusu zile pikapu. Daktari alimtazama kwa huruma, akamshauri apate usingizi.

Apate wapi? Sasa mama akitaka maji hakuna wa kujua. Mama Solda alihamishia kiti chake kando ya kitanda, hatua moja tu, akakaa anamtazama mdomo. Ukitikisika, anauliza. Maji? Mto? Mama anafumba macho kukataa, anafumbua, anaita tena bila sauti. Siku nzima. Jioni nzima. Mama Solda alijifinya, alinawa maji baridi, alisimama, alikaa.

Alipozinduka kitini palikuwa pamekucha, na mkono wa mama ulikuwa umenyooshwa kuelekea kwake, umekwisha kupoa.

"Amepumzika," majirani walisema, mmoja baada ya mwingine. "Hakuteseka, shoga. Kaondoka kimya."

Kila waliposema amepumzika, Mama Solda aligeuka kuitazama amplifaya.

Mpiga gitaa alifika jioni ya siku ile ile, watu wametoka makaburini. Aliona viti vimepangwa nje. Hakuuliza mtu. Aliingia, akasimama mbele yake.

"Ulizijaribu," alisema.

Mama Solda akaitikia kwa kichwa.

"Zimemchukua nani?"

"Mama."

Mpiga gitaa akashusha pumzi. "Wangu alikuwa mchanga. Miezi mitatu. Alikuwa halali, analia usiku kucha, mimi nina kazi asubuhi... Nikaketi na gitaa nijitulize. Likaniuliza." Alitazama mlango. "Nilijibu tu kama mtu yeyote angejibu. Lile neno la kupumzika. Usiliseme tena, dada. Hata ukiwa peke yako. Ndilo linalosikiwa."

"Nini kimo mle ndani?"

"Sijui. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuliuza."

"Na kwa nini hukuzivunja?"

"Mara nne nimeinua nyundo." Alitazama kile kitambaa mezani, pikapu zimefungwa ndani yake. "Mwanangu analia mle. Wewe utaweza?"

Alichukua gitaa lake lenye pikapu mpya. Kitambaa hakukigusa. Mlangoni alisita, kama anataka kugeuka kukichukua, kisha akakaza mwendo, na Mama Solda akasikia hatua zake zikienda mbio barabarani.

Waombolezaji walitawanyika. Taa za mtaani ziliwaka. Mama Solda alikaa peke yake na kitambaa magotini, na alijua anachopaswa kufanya. Nyundo ilikuwa ukutani, msumari wa tatu.

Lakini alitaka kumsikia mama. Mara moja tu.

Akabana vibanio. Akawasha.

Mwanzo alisikia mtoto akilia, mbali sana, kama nyumba ya tano. Kisha...

"Mwanangu!"

Akaziba mdomo.

"Mwanangu, maji. Mwanangu! Mbona huitiki? Mwanangu, nakuona hapo kitini. Umelala. Amka, mama, sijisikii vizuri. Mwanangu! Nakunyooshea mkono, sikufikii. Amka..."

Ulikuwa ule usiku. Wote. Kila wito alioutoa mama, hatua moja kutoka alipokuwa amelala yeye.

"Abee, mama!" alipiga kelele. "Abee! Niko hapa!"

"Mwanangu! Amka!"

"Abee!"

Mama hakumsikia, aliendelea kuita. Mama Solda alipiga magoti sakafuni, akaikumbatia amplifaya, shavu kwenye wavu wa spika yake wenye vumbi, akaitika wito mmoja baada ya mwingine, asiruke hata mmoja. Abee, mama. Abee. Abee. Aliitika hadi sauti ikamkauka, hadi mikono ikamlegea, hadi kichwa kikamwangukia kifuani. Aliitika mpaka akachoka.

Hapo amplifaya ikanyamaza, ikamsikiliza, ikingoja lile neno.