Mkono Mmoja, Tena Mwembamba

Mimi ni fundi rangi. Nimepaka nyumba, maduka na madarasa. Nimepaka hata vyoo vya stendi. Mtu akitaja neno "kupaka" mbele yangu, ananikuta nimeshakunja mikono ya shati. Basi kosa ninalotaka kuwasimulia lilitokana na neno hilohilo. Aliyekosea ni mimi. Aliyeungua ni binti yangu.

Binti yangu ana miaka kumi na tisa. Nyumbani tunamwita Kibiriti, kwa sababu anawaka haraka na kuzimika haraka. Anajifunza kazi ya saluni. Nyumbani kwetu kuna kioo kimoja tu, kimetundikwa ukutani karibu na mlango wa bafu. Kila asubuhi Kibiriti alikuwa wa kwanza kusimama pale. Alichana nywele, aliimba, alijitazama upande huu na upande ule. Mimi na mama yake tulipanga foleni nyuma yake.

"Kibiriti, toka! Baba yako anachelewa kazini," mama yake alikuwa akipiga kelele.

"Baba ana nywele saba tu, mama. Anataka kioo cha nini?"

"Ziheshimu hizo saba," nilimjibu. "Zimebaki kwa uvumilivu."

Halafu chunusi zikaja. Zilianza kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni, zikafika kidevuni. Nyingine zilikuwa na usaha. Nyingine zilikuwa ngumu, zimejificha chini ya ngozi. Kibiriti alizitumbua kwa kucha, na kila aliyoitumbua ikaacha doa jeusi. Nyimbo za asubuhi zikakoma.

Siku moja niliamka, nikakuta kioo kimefunikwa gazeti. Gazeti lenyewe limebandikwa kwa karatasi yangu ya gundi, ile ninayozibia kingo za madirisha ili zisichafuke rangi. Kazi ilikuwa safi, kona zote nne zimenyooka. Hapo nilijua ni mwanangu.

"Nani kaziba kioo?" niliuliza hata hivyo.

"Mimi," Kibiriti alijibu kutoka chumbani. "Saluni kuna vioo sita. Nyumbani nipumzike."

Sikulibandua. Tangu siku ile nilichana nywele zangu saba kwa kupapasa. Mama yake naye alifunga kitambaa kichwani bila kujiona, na mara nyingi alitoka nyumbani kimekaa upande.

Wiki moja baadaye, Kibiriti alikuja kukaa karibu yangu nikiosha brashi.

"Baba, nataka kuacha saluni."

"Kwa nini tena?"

"Leo mteja kakataa nisimguse kichwa. Kasema nitamwambukiza chunusi. Na mwenye saluni anasema baada ya miezi minne kile kiti cha karibu na mlango kitakuwa wazi. Anataka nikichukue mimi."

"Si ndicho ulichokuwa unakiomba siku zote?"

"Kile kiti kinatazama kioo, baba. Nitasimama pale kutwa nzima najiona. Siwezi."

Niliumia sana. Mtoto huyu alianza kusuka nywele za mwanasesere wake akiwa na miaka minne. Mwanasesere alipoishiwa nywele, alihamia kwenye ndevu zangu. Leo anataka kuacha kazi kwa sababu ya chunusi?

Mama yake alitoka jikoni. Alikuwa amesikia yote.

"Hakuna mtu kuacha kazi hapa," alisema. "Kesho mimi na wewe tunakwenda zahanati."

Walikwenda. Daktari alimweleza Kibiriti kwamba chunusi haziambukizi, na hazitokani na uchafu. Ngozi ina vitundu vidogo. Mafuta ya ngozi yakichanganyika na ngozi iliyokufa, vitundu huziba, na chunusi huota. Akampa dawa ya kupaka iliyo katika kundi linaloitwa retinoidi. Ilikuwa ndani ya tyubu ndogo kama ya dawa ya meno.

"Kasema nipake kidogo, usiku, siku mbili tu kwa wiki kwanza," Kibiriti alitueleza jioni ile. "Nisome na karatasi iliyomo ndani ya boksi."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Laiti ningeufunga!

"Siku mbili kwa wiki? Kidogo? Huyo daktari amewahi kupaka kitu?"

"Baba, hii ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kupaka."

"Haya. Kwenye kupaka, daktari ni mimi. Sikiliza. Ukuta kwanza unapigwa msasa, ili uwe laini. Pili, unauloweka maji kidogo. Tatu, unapiga mkono wa kwanza. Ukikauka, mkono wa pili. Kila siku, mpaka ukuta ukubali."

"Mume wangu," mama yake alisema, "uso wa mtoto si ukuta."

"Kanuni ni ileile!" nilijibu, kifua mbele.

Kibiriti alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nami kile kicheko kikanipa kichwa. Na ile karatasi ya maelezo? Nakiri mbele yenu. Niliifutia brashi.

Kwa siku tano Kibiriti alifuata kanuni zangu. Alisugua uso kwa dodoki gumu. Huo ndio ulikuwa msasa. Alipaka dawa uso ukiwa bado na maji. Akasubiri, akapaka tena. Asubuhi alikwenda kazini kwenye jua kali, kichwa wazi.

Siku ya sita nilisikia kilio bafuni. Nilikimbia. Kibiriti alikuwa ameshika mashavu. Uso wake ulikuwa unang'aa vibaya. Pembeni ya pua na mdomo ngozi ilikuwa nyeusi, imekauka, inatoka vipande vipande.

"Maskini, imebambuka!" nilisema.

Neno lilinitoka kabla sijafikiri. Kwetu mafundi, kubambuka ni aibu. Ni rangi iliyopakwa ovyo.

"Kama kazi mbovu, eeh, baba?" Kibiriti aliniuliza huku analia. "Unaona? Mimi ni kazi mbovu."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Mama yake hakunigombeza. Alinitazama tu, na afadhali angenigombeza.

Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna duka la dawa. Mfamasia wake ni mama wa makamo, mchangamfu, hapitwi na neno. Duka lile nililipaka mimi. Tulifika watatu, Kibiriti akiwa amejifunika kanga hadi machoni. Mfamasia alimwangalia uso taratibu, bila kushtuka.

"Pole, mwanangu. Ulipaka vipi hii dawa?"

Kibiriti alinitazama. Mimi nikakohoa.

"Mikono miwili," nilisema.

"Mikono miwili? Usoni kidole kimoja kinatosha, mikono yote miwili ya nini?"

"Siyo mikono hiyo, dada. Sisi mafundi, kupaka ukuta mzima mara moja tunaita mkono. Alipaka, ikakauka, akapaka tena."

"Mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku."

"Alisugua kwanza?"

"Kwa dodoki," Kibiriti alisema. "Baba anasema ndio msasa."

Mfamasia alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka ghafla, akamwuliza Kibiriti kama macho yamevimba, kama kuna malengelenge, kama anapumua vizuri. Kibiriti alisema hana hayo.

"Vizuri. Ungekuwa nayo, ningekutuma hospitali sasa hivi. Hapa ngozi imeungua kwa sababu ya dawa nyingi na kusuguliwa. Itapona. Swali jingine, na usione haya. Una mimba, au unatarajia kubeba mimba karibuni? Dawa hii haitumiki wakati wa mimba."

Mimi nilianza kukagua rangi ya dari kwa makini sana.

"Hapana, mama," Kibiriti alijibu.

"Ikitokea baadaye, unaacha dawa na kumwona daktari. Sasa, fundi, shuka huko darini. Ulipopaka duka langu, plasta ilikuwa mbichi?"

"Haiwezekani! Nilisubiri ikauke kabisa."

"Kwa nini?"

"Ukipaka juu ya plasta mbichi, kazi inaharibika."

"Na ukipiga rangi nzito kwa pupa?"

"Inabambuka."

"Umejijibu mwenyewe. Tofauti ni kwamba ukuta hausikii maumivu. Ngozi iko hai. Kila siku inatoa ngozi iliyokufa na kuleta mpya. Dawa hii inaisaidia kazi hiyo, ili vitundu visizibe. Ndiyo msasa wenyewe, tena msasa laini. Wewe ukaongeza dodoki juu yake."

Kwa mara ya kwanza mtu alinifundisha kupaka.

Mfamasia alimgeukia Kibiriti. "Acha dawa mpaka uso utulie kabisa. Osha kwa sabuni laini, upake mafuta ya kulainisha ngozi yasiyo na manukato, yaliyoandikwa kuwa hayazibi vitundu. Ukipona, unaanza upya, siku mbili kwa wiki. Usiku unaosha uso, unaukausha kwa kuugusagusa na taulo, unasubiri nusu saa. Kisha unachukua dawa kiasi cha punje moja ya njegere."

"Punje moja kwa kila chunusi?" niliuliza.

"Punje moja kwa uso mzima, fundi! Mkono mmoja, tena mwembamba. Usiguse macho, midomo wala pembe za pua. Ukimaliza, paka yale mafuta ya kulainisha. Mchana paka krimu ya kuzuia jua na uvae kofia, maana dawa hii inafanya ngozi iungue upesi kwa jua. Usitumbue chunusi. Baada ya wiki nne njoo nikuone. Ngozi ikiwa imezoea, tutaongeza siku."

"Zitaisha lini?" Kibiriti aliuliza.

"Wiki za mwanzo chunusi zinaweza hata kuongezeka. Usitishike. Utaanza kuona mabadiliko kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Madoa meusi yatachukua muda zaidi."

"Miezi mitatu!" nilisema. "Mimi nyumba nzima namaliza wiki mbili."

"Ndiyo maana hukupewa uso," alinijibu.

Tulirudi nyumbani. Uso ulipotulia, mama yake alichukua punje ya njegere kavu, akaiweka kwenye kisosi kando ya tyubu. Kila siku ya dawa, Kibiriti aliminya dawa kidoleni na kuilinganisha na ile punje. Ikizidi, mama yake aliguna. Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu nusu saa ya kusubiri, nikiwa na saa mkononi. Nilipewa na jina jipya, Bwana Njegere.

Kwa upande wa kofia, Kibiriti alikataa zote za dukani. Alichukua ile yangu ya kazini, yenye ukingo mpana na matone ya rangi ya kila nyumba niliyowahi kupaka. Alikwenda nayo saluni.

"Wateja watakucheka," nilimwambia.

"Wacheke. Kofia ya baba yangu."

Nilitoka nje haraka, nikajifanya nakwenda kuangalia ndoo.

Wiki ya tano ilikuwa ngumu. Chunusi mpya zilitoka kidevuni, kubwa kuliko za zamani. Jioni moja Kibiriti alitupa tyubu sakafuni.

"Sipaki tena! Mwambieni mwenye saluni ampe mtu mwingine kile kiti."

Niliiokota tyubu. Nilikaa naye sakafuni, magoti yakilia.

"Mwanangu, sijakuomba radhi. Nilikuharibia uso kwa ubishi wangu. Nisamehe."

Alikwangua tone la rangi kwenye suruali yangu.

"Na lile neno, kazi mbovu. Mimi ndiye niliyefanya kazi mbovu. Wewe, tangu umezaliwa, sijaona kitu cha kurekebisha."

"Hata chunusi?"

"Hata chunusi. Zikitoka au zisitoke, mimi nakuona yuleyule. Lakini mfamasia alisema wiki ya nane. Leo ni ya tano. Plasta bado mbichi."

Kibiriti alipangusa machozi, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo tyubu, Bwana Njegere. Hesabu saa."

Wiki ya tisa, asubuhi, nilisikia mtu anaimba bafuni. Nilimshika mke wangu mkono ili asiseme kitu. Wiki ya kumi na mbili nilitoka chumbani, nikaona kitu kinang'aa ukutani. Gazeti limebanduliwa na kukunjwa vizuri. Mbele ya kioo amesimama Kibiriti, anachana nywele. Chunusi mbili tatu zilikuwepo kidevuni. Madoa yalikuwepo, ila yamefifia. Yeye alikuwa akijitazama upande huu na upande ule.

"Foleni, baba," alisema bila kugeuka. "Foleni."

Kiti cha karibu na mlango alikipata. Siku ya kwanza nilifika kabla saluni haijafunguliwa. Sikutaka mtu anitangulie. Kibiriti alinifunga kitambaa shingoni.

"Baba, nikukate nini hapa?"

"Hizohizo saba. Uzihesabu kabla na baada."

Wenzake walicheka. Yeye aliinua kichwa, akatazama kioo moja kwa moja. Mle ndani tulikuwa wawili, mimi na kipara changu, yeye na uso wake wazi, anacheka. Machozi yakanilenga. Nikasingizia sabuni, na sabuni yenyewe ilikuwa bado haijafunguliwa.

Alipomaliza, alichukua mafuta ya nywele, akaminya kidogo sana kidoleni.

"Ongeza basi," nilimwambia. "Piga mkono wa pili."

Kibiriti alinishika kichwa kwa mikono yake yote miwili, akaniinamia.

"Mmoja tu, baba," alisema. "Tena mwembamba."