Mstari Uliokatwa Mara Tisa

Binti wa Lenzi aliitika "Abee!" mchana kweupe, na hakuna aliyemwita. Baba mtu hakushtuka. Wasomi hushtushwa na nukta, si na watoto.

Lenzi walimwita hivyo kwa kile kioo chake cha kukuzia maandishi, na sitii chumvi, jicho lake lingesoma barua ndani ya bahasha. Alikuwa akichambua madaftari ya mwandishi wa riwaya aliyekufa. Mjane wa marehemu, aliyempa madaftari hayo, alimwonya: "Soma yote, mwanangu. Palipokatwa paache."

Nani alimwambia! Kwa mtafiti, palipokatwa ndipo penye nyama. Lenzi aliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akausoma mstari uliokatwa mara tisa, akaunakili kwa penseli, safi kabisa: *Mtoto aliitika alipoitwa na asiyeonekana.*

"Abee!"

Kufikia Ijumaa nyumba nzima ilinuka wino mbichi, na mtoto, miaka sita tu, aliacha kijiko katikati ya chakula, akaitika, akainuka, akaenda mpaka ukutani nyuma ya kabati la vitabu, akatega sikio, akacheka kama anayetekenywa, na kila aliporudi alikuwa amepungua, mpaka gauni likamning'inia kama limeanikwa.

"Nani anakuita, mama?" mama yake alinong'ona.

"Yule wa kwenye daftari la baba. Anasema nikiingia kuna mwenzangu."

Lenzi akamkimbilia mjane.

"Umenakili," mjane alisema, hata hajamkaribisha kiti.

"Nitaukata, mama. Leo hii!"

"Mume wangu aliukata. Jini mwitaji akatoka. Na binti yangu akatoka naye, maana wote wawili wamo katika mstari mmoja." Akacheka, kinywa hakina jino. "Haya, kata, bwana msomi."

Lenzi akajiona mjanja kuliko marehemu. Alirudi nyumbani, akashika kifutio, akafuta mwito na mwitaji, akapuliza vumbi. Yakabaki maneno mawili: *Mtoto aliitika.*

Harufu ikakatika papo hapo. Mkewe akapiga vigelegele. Ndipo mtoto akafungua mdomo.

"Abee. Abee. Abee. Abee."

Mpaka leo hajanyamaza. Hana neno jingine. Huitika akitafuna, huitika usingizini, midomo imefumbwa. Kila asubuhi Lenzi huchonga penseli, huiweka juu ya yale maneno mawili, mkono hugoma, na mkewe husimama mlangoni ameziba masikio.

Jana hakuyaziba.

"Kata, mume wangu," alinong'ona.