Lenzi ya Mzee Obbo

Haya yalimpata rafiki yangu Mangeni, mpiga picha wa Busia. Siku walipomzika mzee Obbo, aliyemfundisha kazi, huko Nagongera, mjane wake Athieno alimwambia, "Ingia, mwanangu, uchukue picha yake moja. Vitu vingine tutagawana matanga yakiisha." Mangeni akatoka na picha mkononi, na lenzi ya zamani mfukoni.

Studioni alitundika kitenge kwa misumari, akakipiga picha kwa lenzi yake mpya, kisha kwa ile ya mzee, ili alinganishe rangi. Alipomaliza tu, stima ikapotea. Gizani akasikia krr, krr, pete ya lenzi ikizungushwa taratibu, na Mangeni mwenyewe ameketi, mikono magotini.

"Mzee, nitairudisha," akanong'ona. Sauti ikanyamaza.

Stima iliporudi akatazama. Picha ya kwanza haikuwa na neno. Katika ya pili, nyekundu ya kitenge ilikuwa imepauka, na buluu imekuwa kama kijivu. Kwenye pembe ya juu, vidole vinne vilikuwa vimekishika kitenge, jinsi Obbo alivyokuwa akimshikia zamani akimfundisha. Udongo mwekundu uliojaa kwenye kucha haukuwa umepauka hata kidogo.