Nyama ya Ngano na Mlima Unaobomoka

Jiwe la kwanza lilipita mbele ya kioo likatumbukia korongoni. La pili halikupita. Lilitua kwenye pua ya gari kwa kishindo kilichoangusha sufuria zote kutoka kwenye misumari yao, na kabla Tik-hong hajasimama sawasawa, mvuke ulishaanza kufuka mbele yake kama birika lililosahauliwa jikoni.

"Kuna nini huko?" dada yake, Siok-hui, alipaza sauti kutoka nyuma, amekumbatia gunia la unga.

"Mlima unatusalimia."

"Basi itikia, tuondoke!"

Tik-hong alizima injini akatazama kioo cha pembeni. Kona waliyoipita punde tu haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na tope, mawe makubwa kama mabanda ya kuku, na miti iliyolala mizizi juu. Mbele barabara bado ilikuwepo, nyembamba, imejipachika ubavuni mwa mlima hadi kwenye mdomo wa handaki ulioonekana kwa mbali kupitia mvua. Ng'ambo ya handaki kulikuwa na kijiji cha Wabunun, wenyeji wa milima ile, na chini kabisa bondeni, hekalu lililokuwa likiwasubiri.

Hekalu lilikuwa likisubiri nyama. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Kuan-im, Mama wa Huruma, na karamu yake ilikuwa mikononi mwa Siok-hui. Tangu Tik-hong alipostaafu kuendesha mabasi ya Tainan, ndugu hawa wawili waliishi ndani ya gari hilo, wakienda hekalu hadi hekalu kupikia watu wasiokula nyama. Kutoka kwenye ngano, soya na uyoga Siok-hui alitoa bata, alitoa nguruwe, alitoa samaki, tena samaki mwenye ngozi. Mwenyewe hakuwa ameonja mnyama tangu alipoweka nadhiri siku waliyomzika mama yao. Tik-hong hakuweka nadhiri yoyote, ila aliliheshimu jiko la dada yake. Kila waliposimama mjini alikuwa na rafiki wa kwenda kumsalimia, na kila alipotoka kusalimia alinukia mafuta ya nguruwe.

Alishuka kwenye mvua kutazama uharibifu, na hapo ndipo aliposikia mbinja. Fupi, kali, ikitoka chini ya ukingo wa barabara.

Mwanamume alikuwa amelala kwenye kichaka, pikipiki yake imening'inia mtini juu ya kichwa chake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Wee bwana, uko hai?"

"Ningekuwa nimekufa ningepiga mbinja vizuri zaidi kuliko hivi," yule mtu alijibu. "Leta kamba."

Walimvuta kwa kamba ya kuanikia nguo, akiuma mkono wa koti lake ili asipige kelele. Aliitwa Husung, mwindaji wa kijiji cha ng'ambo. Siok-hui aliunyoosha mguu wake, akaufunga kwa kitambaa pamoja na gongo lake refu la kusukumia unga.

"Usiutikise. Na gongo langu nalitaka likirudi halijavunjika."

"Na mguu?"

"Mguu ni wako."

Hawangeweza kumbeba hadi handakini; mguu ule ungemuua kwa maumivu, na barabara ilikuwa imejaa mawe ya kuteleza. Simu hazikushika mtandao. Mvua ilinyesha mpaka giza likaingia, nao wakajibana watatu ndani ya gari, wakisikiliza mawe yakigonga paa moja moja.

Siok-hui alipokuwa na hofu, mikono yake haikutulia. Alikanda unga. Aliukanda hadi ukawa donge zito, akauacha upumzike, kisha akaanza kuuosha ndani ya beseni: kukamua, kumimina ndooni, kukamua tena. Maji yalitoka meupe kama maziwa, tena na tena, mpaka wanga wote ukaisha na mkononi mwake likabaki lile donge la kijivu, laini, linalovutika kama mpira. Hiyo ndiyo nyama. Kilichobaki ni mchuzi wa soya, tangawizi na moto.

Kulipokucha mvua ilikuwa imekoma. Husung alikuwa amekaa wima, sikio kalitega upande wa mlima.

"Mnasikia?"

"Sisikii kitu," alisema Tik-hong.

"Subiri."

Changarawe zilimwagika mahali fulani juu yao, kama mtu anayemimina mchele. Kimya. Zikamwagika tena.

"Mlima haujamaliza," alisema Husung. "Jua likipiga hapo juu, utashuka wote. Nyinyi nendeni. Mimi niacheni nikae na pikipiki yangu."

"Nyamaza," Siok-hui alimwambia. "Gongo langu liko mguuni kwako."

Tik-hong alifunua boneti. Rejeta ilikuwa nzima, lakini mpira wake wa juu wa kupitisha maji ulikuwa umepasuka mpasuko mrefu kama kidole, na maji yote yamekwisha. Aliufunga kwa utepe wa plastiki. Utepe ulibanduka kama ngozi ya kitunguu. Akaagiza maji ya kujaza.

Siok-hui aliinama akaanza kuokota sufuria.

"Dada, maji. Tulijaza tangi jana asubuhi."

"Nilioshea ngano."

"Yote?"

"Ngano haioshwi kwa kikombe!"

"Mlima unatuangukia, wewe unaosha ngano kwa maji ya tangi!"

"Ulitaka nifanye nini? Nikae nikusikilize ukikoroma?"

Korongoni maji yalikuwa mengi, lakini yalikuwa tope tupu, ya kuziba rejeta kwa mizunguko miwili. Tik-hong alipiga ngumi kwenye boneti. Kisha macho yake yakatua kwenye beseni na ndoo zilizopangwa sakafuni mwa gari. Dada yake hakuwahi kumwaga maji ya kuoshea ngano hata siku moja. Wanga wake aliutengenezea tambi. Na baada ya kukaa usiku mzima, wanga ulikuwa umetuama chini, mweupe na mzito. Juu yake maji yalikuwa yametulia, maangavu.

"Haya hapa," alinong'ona.

"Haya hapa," Siok-hui alimwigiza, kidevu juu. "Chota polepole. Ukipitisha hata kijiko cha ule weupe, utapika uji ndani ya injini."

Maji yalipatikana. Mpasuko bado. Tik-hong alilitazama lile donge lililokaa kwenye bakuli lake chini ya kitambaa, likimeremeta, na ghafla akawa mtoto tena, kashika mwanzi mrefu ambao ncha yake imepakwa donge la ngano kama hilo, la kunasia nyenje juu ya miti. Ngano hiyo iliwahi kumnasa nywele mpaka mama akamnyoa kipara.

"Dada, nipe nyama."

"Njaa saa hizi?"

"Ya kufungia mpira. Ikiwa mbichi inavutika. Ikipata joto la injini, itaiva hapo hapo na kukaza."

Siok-hui aliiweka mikono yake juu ya bakuli. Chakula cha Kuan-im hakiguswi na ulimi wa mtu kabla yeye hajapewa. Hata chumvi aliipima kwa jicho, kwa miaka yote hiyo, asionje. Na sasa akiingize kwenye injini, kwenye grisi?

Juu yao changarawe zilimwagika kwa muda mrefu kuliko mwanzo.

Husung alisema taratibu, "Kwetu nyama ya kwanza ni ya wazee waliokufa. Ila hatujawahi kumwacha mtu porini ili wao washibe."

Siok-hui alitazama mguu uliofungwa gongo. Akatazama sanamu ndogo ya Kuan-im iliyobandikwa juu ya usukani. Kisha akachukua bakuli.

Tik-hong alimega donge dogo, akalizungusha kwenye mpira. Likateleza likaanguka matopeni.

"Toka hapo!" Siok-hui alimsukuma kwa kiwiko. "Ikiwa na maji haishiki. Miaka yote unakaa kwenye jiko langu, hujajifunza hata hilo?"

Alikata donge jingine, akalikamua ndani ya kitambaa mpaka maji yakaacha kutoka. Akalivuta likawa pana kama jani, akalizungusha juu ya mpasuko safu juu ya safu, kila safu akiibana kwa dole gumba kama anavyomfunga bata wake. Akaviringishia kitambaa cha kuchujia soya. Tik-hong akamalizia kwa waya, akajaza yale maji maangavu kwenye rejeta, kisha akakilegeza kifuniko chake ili mvuke usijikusanye na kuisukuma nyama itoke.

"Panda!"

Injini ilikohoa, ikawaka. Waliondoka kwa gia ya kwanza, Tik-hong akiyakwepa mawe na macho yake yakiruka kati ya barabara na kipimo cha joto. Jiwe liligonga mlango. Jingine likapasua taa. Siok-hui alikuwa amelala juu ya mguu wa Husung, akiukumbatia usirushwe. Mvuke mwembamba ulianza kupenya kwenye boneti, na pamoja nao harufu: ngano inayoiva.

"Dada," Husung alisema, meno yamekazana, "usinione mtu wa ajabu, lakini nasikia njaa."

"Hata mimi!" Tik-hong alipiga kelele, akakanyaga mafuta.

Mlima ulishuka. Hawakuuona, waliusikia mgongoni, ngurumo iliyoanza chini ya magurudumu na kupanda hadi kooni, na upepo wa vumbi na majani ukalisukuma gari kwa nyuma kama mkono. Handaki likawameza. Giza. Kisha, mwisho wake, duara la jua, na ndani ya duara hilo watu wenye majembe na machela, wanakijiji waliokuwa wamekuja kumtafuta Husung.

Hawakufika hekaluni siku ile. Mganga wa zahanati alimfunga Husung plasta, na gongo likarudi kwa mwenyewe likiwa zima. Barabara ya bondeni ilikuwa imefungwa kwa tope, na karamu ya Kuan-im ililiwa bila bata.

Siok-hui alifunua boneti. Alikata waya, akafungua kitambaa, akaitoa ile nyama ya ngano: ngumu, ya kahawia, imechorwa mistari ya mpira ndani, inanuka grisi. Akaiweka kwenye sahani yake nzuri, mbele ya sanamu, akawasha ubani.

"Atavimbiwa," alisema Tik-hong.

"Atajua imetoka wapi."

Mama yake Husung alikuja na nyama ya nguruwe pori, imekatwa mafungu sawasawa, kila mtu fungu lake kama ilivyo desturi yao, majina yakitajwa kwa sauti. La Husung. La Tik-hong. La Siok-hui. Siok-hui alilipokea lake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, kisha akageuka akaliweka juu ya fungu la kaka yake.

"Kula," alisema. "Leo usisumbuke kwenda kumsalimia rafiki."

Tik-hong alisimama na nyama mikononi, masikio yamewaka moto. Husung alicheka mpaka akashika mguu wake kwa maumivu.

"Tangu lini unajua?" Tik-hong alimuuliza dada yake.

"Tangu rafiki wa kwanza."

Alikula. Alikula mbele ya dada yake, polepole, bila kujificha, mafuta yakimtiririka kidevuni. Alipomaliza alinawa mikono mara mbili kwa sabuni, akavuta gunia, akapima unga kwenye beseni, akaanza kukanda.

"Nguruwe pori ni mtamu?" Siok-hui aliuliza.

"Mtamu. Lakini huyu hawezi kuvusha gari."

Dada yake alimtazama akikanda, vibaya, unga umemruka mpaka kwenye nyusi. Akamsogezea ndoo ya maji.

"Osha mpaka yaache kutoka meupe," alisema. "Na usiyamwage."